Kioo cha mzee chapata dirisha Homa Bay

MTU akienda kutembea Migori, jamaa zake humtarajia arudi na njugu, sukari guru au samaki. Mwezi uliopita mimi nilitoka huko nikiwa nimepakata kioo.

Nilikuwa nimepita kumjulia hali mwalimu mmoja mstaafu, rafiki wa marehemu baba. Baada ya chai na sahani ya nyoyo, yale mahindi na maharagwe wanayoyapika Waluo, mzee aliniita chumbani. Akapiga magoti, akavuta kitu kilichofungwa kwa blanketi kutoka chini ya kitanda. Alipolifungua nikaona kioo cha rangi cha kale, urefu futi tatu na upana futi mbili hivi. Kilikuwa na maua mekundu na majani ya kijani, na pembeni kimezungushiwa vipande vya buluu.

"Nilikinunua nikiwa mwalimu kijana," alisema. "Mwenye duka mmoja alikuwa akihama, nyumba yake inabomolewa. Watu waligombea mabati na milango. Mimi nikachukua hiki."

Kisha watoto wakazaliwa, mpira ukaanza kuchezwa uani, na kioo kikafichwa. Hivi karibuni mfanyabiashara mmoja kutoka Nairobi alipata habari zake akaja na pesa mkononi. Mzee alikaribia kukubali, maana mjukuu wake alikuwa ameitwa kujiunga na shule ya sekondari na karo haijatimia. Lakini binti yake aliyeolewa Homa Bay alipiga simu akakataa. Yeye angelipa karo hiyo kidogo kidogo, ila kioo apelekewe.

"Wewe si unapitia Homa Bay?" mzee akaniuliza. Ningesema nini?

Pengine msomaji unajiuliza kioo tu kina nini cha kugombaniwa. Kioo kama hiki hakipakwi rangi kama ukuta. Rangi zake nyingi huchanganywa ndani kingali kinayeyuka motoni, na rangi hizo hutokana na madini. Kobalti hutoa buluu iliyokolea. Manganisi huleta zambarau. Shaba huweza kutoa kijani au hata nyekundu, na dhahabu, ikitiwa kidogo sana, hutoa wekundu wa thamani unaokaribia waridi. Mzee alicheka nilipomweleza hayo. Migori ni nchi ya dhahabu. Huko Macalder, Nyatike, kulikuwa na mgodi wa shaba na dhahabu enzi za ukoloni, na hadi leo wachimbaji wadogo wanaendelea kutoboa ardhi.

Baada ya vioo kukatwa, vipande huunganishwa kwa vijiti vya risasi vyenye mifereji pande zote mbili. Simaanishi risasi ya bunduki, bali yale madini laini yenye jina hilo. Ulaini huo ndio humwezesha fundi kuvikunja vijiti kufuata umbo la ua au jani.

Wengi wetu tunavijua vioo hivi kutoka makanisani. Lakini wenzetu wa Pwani wamevizoea hata katika majengo mengine. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ikitazama bahari, kuna zahanati ya zamani ambayo ujenzi wake ulianzishwa na tajiri Tharia Topan mwaka 1887 na ukakamilika 1894. Roshani zake za mbao zenye nakshi zimepambwa kwa vioo vya rangi. Jengo hilo lilikuwa limechakaa vibaya kabla ya kukarabatiwa miaka ya 1990, na sasa wageni hulipiga picha kila siku.

Safari ya kwenda Homa Bay ilianza kwa ugomvi. Utingo alitaka kukilaza kioo juu ya keria pamoja na magunia. Nikakataa. Kioo cha namna hii hakilazwi, kwa kuwa risasi hupinda kwa uzito wake na vipande hupasuka. Hubebwa kikiwa kimesimama, kama mlango. Nikalipa nauli ya watu wawili, nikakisimamisha baina ya magoti, blanketi na yote. Mama aliyeketi karibu nami aliniuliza kama nimebeba picha ya marehemu.

Tulipita Awendo na mashamba yake ya miwa, na Rongo nikabadilisha gari. Tulipokaribia Rodi Kopany dereva hakuliona tuta. Gari liliruka, kioo kikagonga chuma cha kiti cha mbele, nikasikia sauti ndogo, "ta!" Sikuthubutu kufungua blanketi. Toka hapo hadi mlima Asego ulipojitokeza juu ya mji na ziwa likaonekana, nilikuwa nikitunga maneno ya kujitetea.

Dada huyo alinipokea kwa furaha. Blanketi lilipofunguliwa, tukaona kipande kimoja cha buluu pembeni kimepasuka kutoka juu hadi chini. Aliupitisha macho ufa huo, kisha akasema, "Vipande vyote viko. Shemeji, njoo unisaidie."

Alikuwa amejiandaa. Seremala alikuwa ameshamtengenezea fremu imara ya mbao kwa vipimo alivyotumiwa na baba yake. Kioo kiliingizwa humo, kisha fremu ikaning'inizwa kwa minyororo miwili kutoka kwenye ndoano zilizokazwa katika mbao za dirisha. Hakuthubutu kuzikaza kwenye plasta. Minyororo ilishika fremu, kwa sababu risasi yenyewe haiwezi kubeba mzigo. Baina yake na kioo cha kawaida cha dirisha iliachwa nafasi ya vidole viwili ili hewa ipite.

Nilidhani angechagua dirisha linalotazama ziwa. Akachagua la mashariki. Homa Bay iko karibu na ikweta, na saa sita mchana jua huwa juu ya paa, halipenyezi miale dirishani. Kioo hunoga asubuhi na jioni. Dirisha hilo pia lina vyuma vichache vya kuzuia wezi, na vyuma vingi huchora mistari ya kivuli juu ya maua.

Msomaji uliye na kioo kama hicho, kifute kwa kitambaa laini chenye maji kidogo, bila siki, ndimu wala dawa kali. Usiikwangue risasi kwa msasa, kwa kuwa vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Ukishaishika nawa mikono kwa sabuni.

Asubuhi niliamshwa na kelele za watoto. Sakafu ya sebule, vitambaa vya makochi, hata daftari la hesabu la kitinda mimba, vyote vilikuwa vimepata madoa mekundu na ya kijani. Mtoto alikuwa akisogeza mkono wake kutoka rangi moja hadi nyingine. Penye ufa, mwanga ulipita kama uzi mweupe.

Nilimpigia mzee simu nikamweleza ukweli wote kuhusu tuta na kile kipande cha buluu. Alinyamaza kidogo.

"Kimekaa chini ya kitanda changu miaka mingi bila ufa," akasema, "na wajukuu hawakujua kama kipo. Hebu mpe simu huyo mdogo aniambie kinafananaje."

Nikampa. Alieleza kwa muda mrefu sana, hadi salio langu likaisha.