Kiti cha Wamalwa

Habari ilitufikia Garsen kwa redio, Jumamosi tarehe 23 Agosti 2003: Makamu wa Rais wa Kenya, Michael Kijana Wamalwa, amefariki London akiwa na miaka 58. Hata miezi minane ofisini hakuimaliza. Makamu waliojiuzulu au kufutwa tuliwajua. Wa kufia kazini huyu ndiye wa kwanza.

Mimi nilikuwa nakata tikiti stendi. Mabasi ya Lamu yakisimama hapo kungoja askari wa kuyasindikiza, na abiria ndio waliotuletea magazeti. Gumzo likawa moja: nani anafuata? Mzee mmoja wa Gasa, baraza la Wapokomo, alishangaa iweje nyumba kubwa vile isiwe na mrithi anayejulikana. Hakuwepo. Katiba ya zamani ilimwachia Rais achague miongoni mwa mawaziri, kwa wakati wake. Rais aliyetangulia, Moi, aliwahi kukaa bila makamu tangu mwanzoni mwa 1998 hadi Aprili 1999, na nchi ikamtazama tu.

Wamalwa alizikwa Kitale tarehe 6 Septemba. Kiti kikabaki wazi. Ndani ya NARC, muungano uliokuwa ukitawala, watu wa chama cha LDP walilalamika kwamba mkataba wao wa kugawana vyeo na Rais Kibaki haujatimizwa. Chama kingine cha muungano, Ford-Kenya, nao waliona kiti ni chao, kwa kuwa marehemu alikuwa mwenyekiti wao. Sisi wa Pwani tulimtaja Karisa Maitha, waziri wa kwetu, kwa kujifurahisha zaidi kuliko kutarajia. Katika hesabu za Nairobi, Pwani ilikuwa ya kupiga kura, si ya kugawiwa.

Tarehe 25 Septemba Kibaki akamteua Moody Awori, mbunge wa Funyula, mzee wa miaka zaidi ya 70. Hesabu ilikuwa nzuri: Mluhya kama marehemu, tena wa LDP. Mimi nilimpenda kwa jingine. Alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani aliyeanza kuwajali wafungwa, na mtu wa Tana River akisikia gereza hukumbuka Hola, walikopigwa wafungwa 11 wa Mau Mau hadi kufa mwaka 1959.

Katiba ya 2010 humpa Rais siku 14 kupendekeza jina, na wabunge siku 60 kulipigia kura. Oktoba 2024, Naibu Rais Gachagua alipoondolewa, mrithi wake Kindiki alipitishwa bungeni kesho yake. Mahakama ndiyo iliyochelewesha kiapo hadi tarehe 1 Novemba. Mwaka 2003 hakuna mbunge aliyeombwa kura, hata wetu wa Garsen.