Hesabu Isiyo na Tamati

Mwaka 1965, katika mkahawa mmoja mjini Warsaw, mchoraji Roman Opalka alikuwa akimngoja mkewe aliyechelewa. Wengi wanaongojeshwa hutazama saa na kunung'unika. Yeye alijiwa na wazo kwamba muda ule uliokuwa ukimponyoka unaweza kuandikwa. Akatwaa kitambaa cha kuchorea cheusi, urefu wake sentimita 196 na upana 135, akashika brashi nyembamba, na kwenye pembe ya juu kushotoni akaandika kwa rangi nyeupe: 1. Ikafuata 2, kisha 3. Kitambaa hicho cha kwanza kilijaa alipofika 35327. Akaanza cha pili, na nambari iliyofuata.

Atazamaye kwa mbali haoni nambari. Huona ukungu unaotembea. Brashi ikichovywa, tarakimu hung'ara. Rangi ikikauka hufifia hadi karibu kupotea. Ikichovywa tena hung'ara upya. Kitambaa kizima hufanana na maji yajaayo na kupwa, ilhali aliyekiandika hakukusudia kuchora bahari. Mawimbi yalizaliwa na kazi yenyewe.

Safarini pia hesabu haikukatika. Kwa miaka mingi Opalka alichukua karatasi nyeupe na kalamu ya wino mweusi, akaendelea kutoka pale alipoachia nyumbani. Tangu 1968 alinasa pia sauti yake akitamka kila nambari kwa Kipoland, lugha ya wazazi wake, japokuwa yeye alizaliwa Ufaransa mwaka 1931 na akarudi kuishi huko miaka ya sabini. Kila alipomaliza kazi ya siku alijipiga picha, amevaa shati jeupe, uso umeelekea mbele bila tabasamu. Mchoro, sauti na picha vikawa kazi moja, na kila kitambaa akakiita kwa neno lenye maana ya sehemu tu.

Kuna waulizao: sanaa gani hii ya kurudia jambo lile lile? Mpenzi wa mashairi ana jibu karibu yake. Malenga naye huhesabu: mizani nane, kisha nane, mshororo baada ya mshororo, na kibwagizo hurejea mwisho wa kila ubeti. Maneno ya kibwagizo hayabadiliki, lakini anayesikia amebadilika, kwa kuwa ameongezewa ubeti mmoja moyoni. Kibwagizo kilichochekesha mwanzoni huweza kuliza mwishoni. Ndivyo zilivyo nambari za Opalka. Kila mtu ajua kuwa baada ya 4 huja 5. Hata hivyo, aliyeandika 5 alikuwa amezeeka kwa pumzi moja kuliko aliyeandika 4.

Tena hesabu yake haikuwa ya tasbihi. Punje za tasbihi zikiisha, kidole hurejea pale kilipoanzia. Yeye hakurejea. Alipovuka milioni moja mwaka 1972, aliamua kwamba kila kitambaa kipya kiongezwe weupe kidogo, asilimia moja kila mara. Weusi ukawa kijivu, kijivu kikafifia. Kufikia 2008 alikuwa akiandika kwa rangi nyeupe juu ya weupe. Jicho likashindwa kufuata mkono. Sauti ndiyo iliyobaki shahidi kwamba nambari imeandikwa. Katika picha za siku hizo nywele nazo zilikuwa nyeupe, juu ya shati jeupe. Hakuna picha moja kati ya hizo inayoonesha uzee, lakini zikipangwa pamoja, uzee ndio unaoonekana.

Opalka alifariki nchini Italia tarehe 6 Agosti 2011, akiwa na umri wa miaka 79. Nambari yake ya mwisho ni 5607249. Haina siri yoyote ndani yake, wala hakuichagua. Malenga hujipangia ubeti wa mwisho, akataja jina lake, akaaga kwa kaditama, kisha akaweka kalamu chini. Opalka alikubali tangu alipoandika 1 kwamba kaditama yake haitakuwa mkononi mwake, na kwa kujua hivyo akaketi kila siku kuandika nambari iliyofuata.