Benchi la Mkahawani

Ukifika Mji wa Kale, Mombasa, usione haya kuingia katika mkahawa mdogo. Agiza mahamri kwa mbaazi za nazi, na chai ya tangawizi. Mimi ni mwalimu, na kila Jumamosi asubuhi hula katika mkahawa wa namna hiyo. Benchi ni moja tu: hamali hukaa kuliani kwangu, karani kushotoni. Mwenye mkahawa humwita kila mmoja wetu “ndugu”. Aliyepungukiwa na fedha leo hula, kisha hulipa kesho. Wala deni lake halitangazwi mbele za watu. Nawe ukikopeshwa, lipa siku uliyoahidi. Kwani ukitoroka, atakayenyimwa ni mwenye njaa ajaye baada yako.