Kutoka Rubya hadi Dar es Salaam

Sisi wa Rubya twaendapo Dar es Salaam kwa ndege, hushika kwanza njia ya Muleba hadi Bukoba. Baina ya viwanja hivyo viwili mna yapata kilometa 1,020 angani. Ndege ya mapangaboi, iendayo kilometa 500 kwa saa, huhitaji saa mbili hivi, na zaidi ikitua Mwanza.

Lakini kiwanja cha Bukoba kiko ukingoni mwa ziwa. Tarehe 6 Novemba 2022, katika hali mbaya ya hewa, ndege iliyotoka Dar es Salaam ilianguka majini karibu nacho. Katika watu 43 walifariki 19. Wavuvi ndio waliotangulia kuwaokoa wengine.

Basi, ndugu wasomaji, rubani akingoja mvua ipite, tusinung'unike. Kawia ufike.