Birika la Mfalme

Camille Pissarro alikuwa mzee wa miaka 68 alipopanga nyumba namba 204 katika barabara ya Rivoli, mjini Paris, mwanzoni mwa mwaka 1899. Madirisha ya nyumba hiyo yalielekea bustani ya Tuileries. Maisha yake mengi alikuwa mchoraji wa mashamba. Alizoea kusimamisha turubai yake njiani, kati ya wakulima na mifugo. Lakini jicho lake moja lilishikwa na maradhi yasiyokubali dawa, na upepo na vumbi vikawa adui zake. Basi akawa mtu wa kukaa nyuma ya kioo.

Picha moja aliyoichora hapo, ya alasiri ya baridi, imo katika jumba la sanaa la Metropolitan, New York. Miti imepukutika, na matawi yake yanafanana na moshi. Chini liko birika la duara, na kwa mbali, juu ya miti, huchomoza minara miwili ya kanisa la Sainte-Clotilde. Sehemu kubwa iliyosalia ni mbingu. Watu ni wadogo mno: kila mmoja ni mguso mmoja au miwili ya brashi, wala haijulikani nani bwana na nani mtumishi.

Birika lile halikufanywa kwa ajili yao. Bustani ilipangwa na André Le Nôtre katika karne ya 17, zama za Mfalme Louis wa 14, ili asimamaye katika kasri, upande wa mashariki, aone maji, njia na miti vimejipanga mbele yake kwa mstari mmoja ulionyoka. Kasri hilo lilichomwa moto Mei 1871, na magofu yake yakaondolewa mwaka 1883. Pissarro alipofika, mahali pa mfalme pa kutazamia palikuwa hewa tupu. Naye hakutazama kutoka huko. Alitazama ubavuni, kutoka kaskazini, na kwa hiyo ule mstari wa kifalme umekatiza picha kama njia yoyote ipitwayo na watu. Yeye aliamini kwamba wanadamu wangeweza kuishi bila ya serikali. Huenda hakuhitaji kujilazimisha sana kuiona bustani hivyo.

Miezi ile Ufaransa ilikuwa imepasuka kwa sababu ya Alfred Dreyfus, ofisa Myahudi aliyehukumiwa mwaka 1894 kwa uhaini asioufanya. Pissarro, Myahudi pia, alikuwa upande wa Dreyfus. Edgar Degas, mwenzi wake wa miaka mingi, alimpa kisogo. Msomaji aweza kuuliza: mbona chuki hiyo haimo katika picha? Je, mzee alikimbilia miti na maji? Swali ni la haki, walakini shutuma haina uzito. Mtu aliyebaguliwa barabarani alipanda ghorofani akawatazama wapita njia wale wale, huenda na waliomchukia wakiwamo, akawapa wote mwanga mmoja na kimo kimoja.

Dreyfus alitakaswa mwaka 1906. Pissarro hakuishi kuiona siku hiyo. Alifariki Novemba 1903. Lakini majira ya baridi yaliyofuata picha ile alikuwa angali kwenye dirisha lile lile, akilichora birika tena.