Daftari la Wodi, Kasongo

Jumatatu, 6 Machi 2023

Jioni wameleta mzee wa Kabambare kwa pikipiki, kabanwa katikati ya dereva na mwanawe, kafungwa kitenge kiunoni asianguke. Na njia ile, mvua hizi! Upande wa kulia umepooza, mdomo umekwenda kando, maneno hayatoki. Presha 210 kwa 120. Nyumbani wamekaa naye siku nne, eti ametupiwa kitu. Skana hatuna, hatujui kama mshipa umeziba au umepasuka, kwa hiyo daktari amekataa aspirini.

Jumatano, 8 Machi

Usiku mkojo uligoma, tumbo likajaa. Sonda ilipoingia ilitoka karibu lita nzima, mzee akafumba macho akashusha pumzi. Daktari amempima kwa kidole: tezi dume kubwa, laini, hakuna pagumu. Mwanawe ameongea kwa simu na mkubwa wake aliyeko Bukavu. "Mama, tutume damu, wapime kansa."

Ni PSA anayoitaka, protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu. Nimemkalisha chini. Tezi hutoa PSA iwe na kansa au isiwe nayo. Mkojo ukiziba au sonda ikipita, inapanda yenyewe. Wapo wenye zaidi ya nanogramu 4 kwa mililita wasio na kansa, na wapo wa chini ya 4 walio nayo. Marekani waliruhusu kipimo hiki mwaka 1986 kufuatilia waliokwisha tibiwa. Kukitumia kusaidia kuutafuta ugonjwa kulikuja 1994, na ubishi wake haujaisha. Damu ya leo italeta namba ya kututisha bure. Wasubiri kama wiki sita.

Ijumaa, 10 Machi

Sasa wanatafuta dawa ya nguvu. Kuna aliyewauzia sindano za vitamini, nimenyamaza kwa shida. Uingereza walijaribu fluoksetini, dawa ya sonona, kwa wagonjwa 3,127 wa kiharusi. Majibu ya 2018 yakaonyesha haikurudisha viungo, tena iliongeza mivunjiko ya mifupa. India walifundisha familia kuwafanyisha wagonjwa mazoezi nyumbani, wagonjwa 1,250 kwa jumla. Baada ya miezi sita, tofauti hakuna. Hilo la pili limeniuma, maana hapa nina familia tu.

Hata hivyo namfundisha mkewe kumgeuza mara kwa mara asipate vidonda, na kumlisha akiwa ameketi, kijiko kidogo kidogo, uji mzito. Mchana kidole gumba cha kulia kimesogea. Mama wa watu akapiga kigelegele, wodi nzima ikageuka.

Jumapili, 12 Machi

Tanzania, kati ya 2003 na 2006, waliwatafuta wenye kiharusi mitaani na vijijini, si hospitalini tu. Umri ukishalinganishwa, Dar es Salaam ilikuwa na 316 kwa mwaka katika kila watu 100,000, Hai 109. Kasongo nayo iliwahi kuhesabu. Mwaka 1981 timu ya mradi wa hapa iliandika katika The Lancet kuhusu chanjo ya surua, ikauliza kama mtoto aliyeokoka surua hafi baadaye kwa kingine. Mtafiti Peter Aaby, aliyefanya kazi Guinea-Bissau, akawapinga, na naona haki ilikuwa upande wake. Lakini walihesabu ndipo wakabishana. Sisi wanaopooza tunawaandika "presha", basi.

Mwanawe mzee karudi na suala la kutuma damu Bukavu. Nimemwambia hela ya kipimo anunulie kwanza dawa ya presha, amlodipini, ya miezi mitatu, baba asipigwe mara ya pili. Hajalipenda jibu langu.