Intaneti Ikisuasua, Anza na Waya

Kila nilipopiga simu kulalamika kwamba intaneti ya nyumbani inasuasua, kampuni ilinipa jibu lile lile: ongeza kifurushi, dola ishirini tu kwa mwezi. Mimi ni muuguzi. Mgonjwa akiniambia anaumwa, sikimbilii kumwongezea dawa, kwanza nampima.

Nilikuwa na sababu ya kuharakisha. Mama yangu yuko Tanga, ana kisukari, na tangu Januari 2024 alikuwa na kidonda kwenye kidole cha mguu. Kila Jumapili saa mbili asubuhi ya hapa Toronto, kule ikiwa saa tisa au kumi alasiri kutegemea majira, mdogo wangu alishika simu ili nikione. Picha ilikatika vipande vipande. Wekundu na weusi vilionekana tope moja, na kwenye mguu wa mgonjwa wa kisukari tofauti ya rangi hizo mbili ni kubwa mno.

Nikachomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, nikaizima waifai yake, nikapima kasi asubuhi, jioni, na usiku nilipotoka zamu. Tunalipia megabiti 150 kwa sekunde. Waya ulinipa 147, 143 na 148. Kisha nikapima kwa waifai chumbani: 11. Basi ugonjwa haukuwa kwenye kifurushi. Ulikuwa humu ndani, kati ya ruta na kitanda changu. Zile dola ishirini zingekwenda bure.

Fundi alikuwa ameiacha ruta chini, ndani ya kabati la makoti, kwa sababu waya wa ukutani unaishia hapo. Jengo letu la Scarborough ni la zege, kama maghorofa mengi ya miaka ya 1960 na 1970 hapa mjini, na zege hula mawimbi. Nikanunua waya mrefu, nikaipandisha ruta juu ya rafu sebuleni. Halafu masafa. Ruta nyingi hurusha kwa gigahezi 2.4 na 5. Ile 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi, lakini kwenye jengo kama letu kila jirani yumo humo, na maikrowevu nayo huvuruga humo humo. (Mume wangu hupasha kiporo cha wali saa hiyo hiyo ya Jumapili.) Simu ya kuongea na Mama nikaihamishia kwenye 5.

Watu hupima kasi ya kupakua tu na kusahau ya kupakia. Intaneti ya kebo kwa kawaida hupakia polepole sana kuliko inavyopakua. Yetu ni megabiti 10. Simu za watoto zilikuwa zikituma picha zao hifadhi ya mtandaoni asubuhi ile, na Mama akawa ananisikia kwa mkato. Sasa zinatuma usiku.

Jumapili iliyofuata nilikiona kidole. Ukingo wa kidonda ulikuwa umeanza kuwa mweusi. "Mpeleke Bombo leo, usingoje kesho," nikamwambia mdogo wangu. Alilazwa siku tisa. Kidole kilibaki.

Tarehe 12 Mei, Jumapili pia, picha iligoma kabisa. Nilipima kwa waya, kasi ilikuwa kamili, nikaiacha ruta ipumzike. Tatizo lilikuwa baharini: nyaya za EASSy na SEACOM zilikuwa zimekatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Nikapiga simu ya kawaida, ya sauti tu. Kidonda kinatoa harufu? Ukigusa pembeni pana joto? Kitambaa kimelowa, na kwa rangi gani? Mdogo wangu akajibu moja moja, bila haraka. Nyuma yake nikamsikia Mama: "Mbona hamniulizi mimi mwenye mguu?"